Pamba Kwenye Bwela la Zuhura

Siku ya kwanza nilipoingia karakana ya Ras Kitau, ng'ambo ya maji kutoka Amu, nilikwenda na nyundo ya mti, patasi butu na furushi la pamba, kwa kuwa hivyo ndivyo vilivyokuwa vifaa vyangu. Nilikuwa kalafati, mwana wa kalafati. Kwa nyinyi vijana ambao hamkuiona kazi hiyo, kalafati ni mtu wa kuziba nafasi zilizo baina ya mbao za chombo. Husokota pamba, huilowesha kwa sifa, ambayo ni mafuta ya papa, huigongomea ndani ya ufa, kisha hupaka juu yake deheni, yaani chokaa iliyokandwa kwa shahamu. Chombo kikiingia majini mbao hufura, zikaibana ile pamba, na ndani kukawa kukavu. Baba yangu, Bwana Shee, alikuwa bingwa wa kazi hiyo Amu nzima, na sisemi hivyo kwa sababu ni baba yangu tu.

Mkuu wa karakana alikuwa Bwana Injinia, Mzungu mfupi aliyewasili karibuni tu, mwenye masharubu mekundu na Kiswahili alichojifunza Unguja. Alilitazama furushi langu kama mtu aliyeletewa samaki wa juzi.

"Wajua kazi gani?" akaniuliza.

"Kuziba, Bwana."

"Hapa kazi ya kwanza ni kuzibua. Weka pamba yako chini."

Nilikasirika, nami nilikuwa mwepesi wa kukasirika siku hizo. Lakini nilitaka kazi ile, kwa hiyo niliweka pamba chini nikamfuata hadi ufukweni, pale palipokuwa pameegemezwa Zuhura.

Zuhura ilikuwa stima ndogo ya chuma, ya kuchukua barua, wakubwa na mizigo baina ya Amu, Faza na Kipini. Karakana iliipata ikiwa imekwisha pita mikono miwili. Mwenyewe wa kwanza alikuwa mkulima wa pamba wa bara, wa pili mfanyabiashara wa nazi, na kila mmoja aliitengeneza kwa akili zake. Mjini hakuna aliyeiita Zuhura. Waliiita Bi Kikohozi, kwa sababu ikipita mbele ya bandari ilikohoa mara tatu, ikanyamaza, ikakohoa tena, na watoto wa mjini wakaikoholea nao.

Serahangi, yaani mkuu wa mabaharia, alikuwa mtu wa Chundwa, mrefu, mwenye maneno ya kuchoma. Kila safari alipakia makasia mawili marefu juu ya ile stima. Nilipomuuliza stima ya moshi ina haja gani na makasia, alinijibu, "Haya ndiyo mashine. Ile ingine ni ya kupikia chai."

Wiki mbili za mwanzo hatukutengeneza chochote. Tulibomoa kazi za watu. Tuling'oa saruji iliyomwagwa chini ya sakafu ili kuficha bati lililooza. Tulitoa vigingi vya mti vilivyopigiliwa ndani ya mabomba ya moto. Hayo ndiyo mabomba yanayopitisha moshi wa tanuri ndani ya maji ili yachemke. Bomba likitoboka, mtu wa kwanza alilipiga kigingi, wa pili akakipiga kigingi hicho kigingi kingine. Baina ya vyuma viwili, palipotakiwa gasketi, kile kitambaa kigumu cha kuzuia mvuke usipenye, tulikuta kipande cha kiatu, na kisigino chake kikiwa bado kipo.

Kisha tukafika kwenye vali ya usalama. Hiyo ni mlango mdogo juu ya bwela, na bwela ndilo lile pipa la chuma linalochemsha maji yakawa mvuke. Mvuke ukizidi nguvu, vali hufunguka yenyewe ikapiga mluzi, bwela likapumua. Sasa watu wa mfanyabiashara waliusikia mluzi wakadhani panavuja. Wakaifunga ile vali kwa kamba ya kumbi, mizunguko kumi na miwili, na juu yake wakaning'iniza jiwe la nanga.

Bwana Injinia alipoliona jiwe lile alivua kofia, akakaa juu ya mchanga.

"Wamesafiri hivi?" akauliza.

"Misimu miwili, Bwana," akasema Serahangi. "Mimi nikikaa omo, mbele kabisa, mbali nayo. Na makasia yangu."

Siku ya tatu baada ya hapo tulilifungua bwela lenyewe. Bwana Injinia aliingiza ndoano ya waya kwenye mshono, yaani pale mabamba mawili ya chuma yanapolaliana na kufungwa kwa ribiti, ile misumari minene ya chuma, akavuta. Kikatoka kitu cheusi, kirefu, kilichoungua. Akaendelea kuvuta, nacho kikaendelea kuja, hadi kikajaa mkononi mwake.

"Hii ni nini?"

Ilikuwa pamba. Mtu alikuwa amelikalafati bwela. Aliona maji yanatoka baina ya chuma na chuma, akafanya kama afanyavyo baina ya ubao na ubao: pamba, sifa, deheni. Lakini chuma hakifuri kikabana pamba, na deheni ikipata moto huyeyuka. Na mbaya kuliko yote, patasi ya kugongomea pamba ilikuwa imeupanua mshono. Tundu dogo likawa kubwa.

Bwana Injinia alipiga kelele, "Mpumbavu gani ameziba bwela kwa pamba?"

Mimi nilikuwa nimekwisha mjua. Makalafati wote wa Amu husokota pamba kuelekea kulia. Ile ilikuwa imesokotwa kuelekea kushoto, na mtu mmoja tu mjini alikuwa akitumia mkono wa kushoto kwa kazi hiyo. Nilijifunzia magotini pake.

"Sijui, Bwana," nikasema.

Serahangi alinitazama, kisha akatazama ng'ambo, upande wa mjini. Naye alijua.

"Basi sikilizeni wote," akasema Bwana Injinia. "Tangu leo kalafati yeyote asitie mguu kwenye chombo chochote cha karakana hii. Wewe Athmani umekwisha kuwa fundi, si kalafati tena. Lakini wale wengine, hapana!"

Mpate kufahamu uzito wa neno lile. Karakana ilikuwa na mashua saba za mbao, na kila msimu baba ndiye aliyeitwa kuzikalafati. Ilikuwa ndiyo kazi yake ya kujivunia. Habari zilivuka maji kabla yangu, nadhani kwa kinywa cha Serahangi. Baada ya siku chache mji mzima, isipokuwa Bwana Injinia, ulijua kwamba Bwana Shee amefukuzwa Ras Kitau kwa kutaka kuivika stima godoro, na palipokutana watu watatu, mmoja alikohoa. Nami nilikuwa nimesimama pale pale nikasema sijui. Niliona haya, na haya ile ilinikaa kifuani muda mrefu.

Nilikwenda kwa baba siku ya Ijumaa, baada ya alasiri. Alikuwa amekaa dakani, kwenye kile kibaraza cha mlangoni, mikono mitupu juu ya magoti. Sikuwahi kumuona amekaa bila ya kitu mkononi.

"Uliitoa yote?" akaniuliza kabla sijaketi.

"Yote, baba."

"Ilikuwaye?"

"Imeungua."

"Mimi naliitwa nikaambiwa chombo chavuya. Chombo kikivuya huzibwa. Hakuna aloniambia kuwa kile ni chungu. Walisema, Bwana Shee, ndoo hapa uzibe, nami hikenda hikaziba." Kisha akanitazama kwa macho yake makali. "Na wewe walikuuliza ni kazi ya nani?"

"Waliniuliza."

"Ukasemaye?"

Niliinama nikavua viatu. Akatikisa kichwa chake, akaniambia niingie ndani nile. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza.

Kazi iliendelea. Mabomba mapya yalikuja kwa meli kutoka Mombasa. Tulikata ribiti zote za mshono ule, tukapiga mpya zikiwa nyekundu kwa moto, mmoja akishika ndani na mmoja akigonga nje. Kisha tukapima kwa maji baridi, jambo ambalo fundi wa bwela asipolifanya hafai kuitwa fundi. Hulijaza bwela maji hadi juu, husukuma mengine kwa pampu ya mkono, hutazama geji, ile saa ya kupimia nguvu, ikipanda kupita kiasi cha kazi. Maji baridi hayalipuki. Palipo na udhaifu hutoka jasho tu, nawe hupatia alama ya chaki. Bwela letu lilitoka jasho sehemu mbili, tukazirekebisha, na mara ya pili lilikaa kavu kabisa. Nilipiga kelele za furaha mpaka Serahangi akaniuliza kama nimeoa.

Hapo ndipo ikaja barua. Bwana Mkubwa wa Mombasa, aliyekuwa juu ya karakana zote za pwani, angefika mwisho wa mwezi. Alitaka kuiona Zuhura ikienda Faza na kurudi kwa siku moja, bila ya kusimama njiani. Isipoweza, itakatwa ikauzwe chuma, na karakana ya Ras Kitau ifungwe. Sisi sote kwaheri.

Na bado tulikuwa na ugonjwa mmoja. Shafti, ule mtaimbo mrefu unaozungusha rafadha, yaani mapanga ya kusukuma chombo, hupita tezini, nyuma kabisa, ndani ya bushi, yaani mviringo unaoushika usicheze. Bushi ya zamani ilikuwa imekwisha liwa, na Bwana Injinia mwenyewe alichonga mpya ya shaba. Lakini kwenda Faza lazima upite Mkanda, ule mlango mwembamba baina ya Manda na bara, na maji ya Mkanda yana tope na mchanga mwembamba wa mikoko. Mchanga ule uliila shaba kwa safari tatu. Shafti ikaanza kucheza, na kikohozi kile cha Bi Kikohozi hakikuwa cha bwela hata kidogo, kilikuwa cha shafti. Bwana Injinia alichonga bushi ya pili, nayo ikaliwa katika safari za majaribio. Shaba ya kuchonga ya tatu haikuwapo, na meli ilikuwa haiji mpaka Bwana Mkubwa awe amekwisha rudi kwao.

Nilimweleza baba mambo haya tukiwa dakani, si kwa kuomba shauri, ila kwa uchovu. Aliniuliza shafti ina unene gani. Nikamuonesha kwa vidole. Akaniuliza yazunguka ndani ya mai au ndani ya mafuta. Nikamwambia ndani ya maji ya bahari.

"Na kapi ya tanga hutengezwa kwa nini?" akauliza. Kapi ni kile kigurudumu kinachopitisha kamba ya tanga.

"Kwa mti, baba."

"Hustahimili mai, na mtanga, na munyu, mwaka mzima, na hailiki. Mkomafi ukinwa mai ya bahari, mai ndiyo mafuta yake. Nyinyi mwatia chuma juu ya chuma na mtanga kati, kisha mwateta." Akasimama. "Nitakuchongea. Kipimo nipe sasa hivi."

Mkomafi ni mti wa mikokoni, mzito, mwekundu ndani. Baba alikuwa na gogo lake moja, lililolala ndani ya tope la bahari miaka sita akilingojea kazi ya maana.

Bwana Injinia aliposikia neno mti alicheka. Alipomaliza kucheka alizihesabu siku zilizobaki, akaacha.

"Ni nani huyo fundi wa mti?"

"Mzee mmoja wa Amu, Bwana. Ana mikono mizuri."

"Mlete. Siku moja tu. Ikishindikana tumekwisha shindwa hata hivyo."

Baba alikuja maji yalipokuwa yamekupwa kabisa, Zuhura imeegemea magogo, tezi yake wazi. Bwana Injinia alimpa mkono bila ya kumjua. Baba aliileta bushi imefungwa kwa kitambaa, imekwisha pakwa shahamu nene nje, hata usiweze kuuona mti wenyewe. Nilitaka kuishika, akanizuia.

"Wewe ingia ndani ukashike shafti. Nde ni kwangu, ndani ni kwako."

Kwa hiyo nikaingia ndani, nikaishika shafti, naye akaigonga bushi kutoka nje kwa nyundo yake ya mti. Niliihesabu ile milio. Mwanzo ilikuwa mizito, kisha ikawa mikali, na ilipofika mahali pake ikatoa mlio ambao kila kalafati anaujua, wa kitu kilichobanwa pande zote. Nilijaribu kuizungusha shafti kwa mkono mmoja. Ilizunguka kimya.

Siku ya safari tuliondoka baada ya sala ya alfajiri. Bwana Mkubwa alikaa nyuma chini ya turubali, na saa yake mkononi. Serahangi alipakia makasia yake mbele ya macho yake. Tulipofika mlango wa Mkanda maji yalikuwa yanatoka, na Serahangi alishauri tungoje.

"Barua ilisema bila ya kusimama," akasema Bwana Mkubwa.

Tukaingia. Rafadha ilichimbua tope, maji nyuma yetu yakawa rangi ya chai ya maziwa. Nilikuwa nimelala kifudifudi tezini, sikio juu ya sakafu, nikikisikiliza kikohozi. Bwana Injinia alikuja akalala ubavuni pangu, masharubu yake yamejaa masizi.

"Wasikia?" akanong'ona.

"Sisikii kitu, Bwana."

"Hata mimi. Naogopa."

Tulitoka Mkanda bila ya kukohoa hata mara moja. Tulipopita Mbwajumali watu waliokuwa wakivua kwenye mwamba walisimama, wakatutazama, mmoja akaita, "Yuwapi Bi Kikohozi?" Serahangi akamjibu kwa nguvu zake zote, "Amepona!" Tulifika Faza kabla ya adhuhuri. Pale Serahangi aliyachukua makasia yake mawili, akashuka nayo, akampa binamu yake aliyesimama gatini. Nilicheka hadi nikatoka machozi. Bwana Mkubwa aliuliza ni sherehe ya namna gani ile, na hakuna aliyeweza kumweleza.

Tukarudi Amu. Jua lilikuwa bado juu tulipoingia bandarini, na mji ulikuwa umejaa gatini kusubiri kuchekelea. Walitega masikio, wakasikia mashine ikipiga mapigo yake sawasawa, na hata watoto hawakukohoa. Kisha wanawake juu ya nyumba wakapiga vigelegele. Sijawahi kuwa na siku kama ile, kabla wala baada yake.

Bwana Mkubwa alishuka, akasema karakana itabaki. Bwana Injinia akanishika bega mbele ya watu wote.

"Bushi hii ni kazi ya huyu," akamwambia mkubwa wake.

Nilimuona baba nyuma ya watu, amesimama peke yake kwenye kona ya ukuta, kilemba chake kimefungwa vizuri kama siku ya Idi. Nikasema kwa sauti ambayo mji mzima uliisikia:

"Si kazi yangu, Bwana. Ni kazi ya baba yangu, yule pale. Ndiye aliyetia pamba kwenye bwela. Siku ile uliponiuliza nilimjua, nikasema uongo. Alitia pamba kwa kuwa aliambiwa kuna chombo kinavuja, na hakuna aliyemweleza zaidi. Leo alielezwa, na umeona."

Bwana Injinia aligeuka mwekundu kama masharubu yake. Kisha akapita katikati ya watu, akafika mbele ya baba, akavua kofia.

"Bwana Shee, nina mashua saba zinavuja. Waweza kuja kesho?"

"Inshallah," akasema baba. "Bora uziondoshe kwanda hizo saruji mlizotia mimi nisipokuwapo."

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Nilipelekwa Kipini, nikawa fundi peke yangu mwenye stima mbili. Nilipelekwa karakana kubwa ya Mombasa chini ya Fundi Mkuu, Mhindi mkali aliyenifundisha kuandika kila nilichokitengeneza na sababu yake, ili atakayenifuata asibahatishe. Wakati wa vita vya Mjerumani nilirudishwa Amu, na hapo nikabaki. Nimeng'oa vigingi, viatu, magunia, na mara moja kijiko cha chai kilichofanywa kuwa wenzo wa vali. Zamani nilikuwa nawacheka waliotangulia. Baada ya Zuhura nilijizoeza kuuliza kwanza: mtu huyu aliambiwa nini siku ile? Mara nyingi kosa lilikuwa la aliyemuita.

Baba alikalafati mashua za Ras Kitau hadi alipofariki, Mungu amrehemu. Kila mtu Amu aliijua bushi ile kuwa ni ya Bwana Shee, maana nililisema gatini, nikalirudia harusini, msikitini na sokoni. Naye akinisikia alikuwa akitabasamu tu, hasemi kitu.

Macho yangu yalipoanza kushindwa kuzisoma alama za geji niliomba kupumzika. Mwezi wangu wa mwisho Zuhura ilipandishwa ufukweni ili itolewe bwela na kutiwa mashine ya petroli. Fundi mpya kutoka Mombasa, mtu mzuri, mwenye haraka, aliing'oa bushi akaniletea akicheka.

"Mzee Athmani, nani huyu aliyetia mti kwenye stima? Hawa watu wa zamani!"

"Pima kwanza," nikamwambia.

Alipima. Alipima tena. Miaka yote ile ya Mkanda ilikuwa imekula unene wa ukucha. Akaacha kucheka. Akachukua kisu, akaanza kukwangua ile shahamu kuukuu ya nje, iliyokuwa imekuwa ngumu kama jiwe.

"Pana maandishi hapa," akasema. "Ya Kiarabu. Siyajui."

Macho yangu hayakuweza tena. Niliichukua nikaipitisha kidole. Herufi zilikuwa zimechimbwa kwa patasi, zimeinamia upande ambao herufi haziinamii, kwa mkono wa kushoto. Zilisema: Kazi ya Athmani bin Shee, fundi.

Niliketi juu ya gogo. Fundi mpya alidhani nimepatwa na kizunguzungu, akaniletea maji. Nikamwambia sina ugonjwa. Nikamuomba ile bushi.

"Utaifanyia nini, mzee? Haina kazi tena."

"Ni yangu," nikamwambia. "Jina langu limo."